Mpwa wangu kachaguliwa kusoma Utawala wa Umma, wazee wa kijiweni wanauliza: utawala nao unasomewa?

MjombaLindi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mpwa wangu, kifungua mimba wa dada yangu, kapata chuo kusoma shahada ya Utawala wa Umma. Mnajua huku Kusini kwetu, kwa Wamwera na Wamakonde, mjomba ndiye anayeulizwa. Dada kanipigia: "Wewe ndo mjomba wake na wewe ndo mtendaji wa kata. Sema, hii kitu ni ya kusomea au tumwambie abadilishe aende ualimu?"

Nikafanya kosa la kuipeleka hoja kijiweni, kwenye kahawa, hapa Lindi mjini. Kuna mzee pale ambaye babu yake alikuwa jumbe, mkuu wa kijiji, enzi za Mjerumani. Akaweka kikombe chini taratibu, akasema, "Jumbe hakusomea ujumbe. Utawala mtu anazaliwa nao au anapewa. Kusomea nini?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Na mimi nilicheka, lakini nimerudi nyumbani nikakosa usingizi, kwa sababu mimi mwenyewe nina cheti cha hicho kitu kimetundikwa sebuleni.

Sasa nataka niwaeleze hili somo limetoka wapi, maana hata sisi tuliolisoma tulikariri majina na miaka ili tufaulu tukasahau. Nitashusha kwa vipande, naandika kwa simu.

Jambo moja mlishike tangu mwanzo. Aliyewahi kukaa masijala anajua jalada linavyokua: barua mpya inawekwa juu, inapewa namba ya folio, ya zamani haichanwi. Ukifungua jalada la mwaka huu unakuta chini kabisa karatasi iliyogeuka njano, na bado inahesabika. Taaluma ya utawala wa umma imekua hivyohivyo. Kila kizazi kiliongeza folio yake juu, cha chini hakikufutwa. Ofisini kwangu folio zote zinafanya kazi siku moja, na hapo ndipo vurugu inapoanzia.

---

Kangomba2007

Nimevuta kiti. Shusha nondo mjomba.

---

NahodhaMikindani

Mzee wa kahawa kamaliza mjadala, sijui unaendelea na nini 😂

---

MjombaLindi

@NahodhaMikindani subiri, mzee nitampa haki yake.

Folio za chini kabisa. Wachina walikuwa wanapata maofisa wa serikali kwa mtihani kwa zaidi ya miaka 1,000, wakaufuta mwaka 1905. Lakini mtihani ule ulikuwa wa vitabu vya Confucius. Ulipima mtu, haukumfundisha kuendesha ofisi.

Somo la darasani lilianza Prussia, Ujerumani ya zamani. Mwaka 1727 mfalme Friedrich Wilhelm I aliagiza vyuo vikuu viwili, cha Halle na cha Frankfurt an der Oder, viweke profesa wa kufundisha vijana watakaosimamia hazina na mashamba ya mfalme. Fani yenyewe iliitwa kamerali, kutokana na chumba kilichowekwa hazina.

Hesabuni na mimi. 1727 mpaka 1905 ni miaka 178. Taifa lililokuwa na miaka 178 ya kufundisha utawala darasani ndilo lililoweka maakida, wasimamizi wake wa kuja, Matumbi, hapo Kilwa, watu wakalimishwa pamba kwa lazima, malipo ya kiduchu, viboko juu. Julai 1905 pale Nandete wazee wakang'oa miche ya pamba shambani. Maji Maji hiyo. Wakati huo profesa wa Halle alikuwa na maktaba imejaa.

Kwa hiyo mzee wa kijiweni ana nusu ya hoja. Kusoma peke yake hakujawahi kutosha, na ushahidi uko mkoani kwetu.

---

BintiWaNewala

Hapo pa Nandete umenikamata. Sisi shule tulifundishwa Maji Maji kama vita tu, na maji ya Kinjekitile. Hakuna aliyetuambia kwamba ilikuwa pia kushindwa kwa mfumo wa akida: mtu wa kuja, hana ukoo pale, hawajibiki kwa yeyote wa chini yake.

---

MjombaLindi

Umenena dada. Baada ya vita Wajerumani wenyewe waliona, wakaleta gavana mwingine, Rechenberg, mwaka 1906, na mambo yakalegezwa kidogo. Watu walikuwa wameshakufa kwa maelfu, wengi kwa njaa.

Twende Marekani, ndiko vitabu vyetu vyote vinakoanzia. Huko nako folio ya kwanza ina damu.

Zamani Marekani chama kikishinda uchaguzi kinagawa kazi za serikali kwa watu wake, mpaka karani wa posta. Mwaka 1881 jamaa mmoja, Charles Guiteau, alijiona amempigia kampeni Rais Garfield na anastahili ubalozi mdogo wa Paris. Akafuatilia, akazungushwa, akanyimwa. Akampiga rais risasi mwezi Julai, rais akafa Septemba. Mwaka 1883 ikapitishwa sheria ya Pendleton: baadhi ya kazi za serikali zianze kutolewa kwa mtihani. (Waingereza walishapendekeza hivyo tangu ripoti ya Northcote na Trevelyan ya 1854, bila kumwaga damu ya mtu.)

Miaka minne baadaye, 1887, mwalimu wa chuo aitwaye Woodrow Wilson aliandika makala akisema: tumetumia karne nzima kubishana nani atunge sheria, sasa ni wakati wa kusoma namna ya kuzitekeleza. Utawala uwe somo lake lenyewe, mbali na purukushani za siasa. Mwalimu huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa rais mwaka 1913. Msomi mwenzake, Goodnow, akaja 1900 akaikazia ile hoja ya kutenganisha siasa na utawala, na mwaka 1926 Leonard White akatoa kitabu cha kwanza cha kiada. Hapo tayari ni somo, lina mwalimu, lina kitabu, lina mtihani.

---

NahodhaMikindani

Kaka huyo Wilson unayempamba, alipoingia ikulu mawaziri wake waliwatenga wafanyakazi weusi ofisini, vyoo mbali, meza mbali, na yeye akaridhia. Mwaka 2020 chuo cha Princeton kikaondoa jina lake kwenye shule yao ya masuala ya umma. Mbona hilo hamtufundishi?

---

MjombaLindi

Sijampamba, na hilo ni kweli tupu. Mwandishi wa "utawala usiwe na siasa" alipopata ofisi akairuhusu siasa mbaya kuliko zote ikae mpaka chooni. Mimi nadhani lingefundishwa siku ya kwanza. Folio haichanwi, lakini unaruhusiwa kuandika dokezo pembeni.

Kipande kinachofuata nakipitia haraka kwa sababu ndicho kila mwanafunzi anakijua. Mwanzoni mwa karne ya 20 kila mtu alitafuta kanuni za kudumu. Taylor, mhandisi Mmarekani, na saa yake mkononi mwaka 1911 akipima mfanyakazi anavyobeba chuma. Fayol, Mfaransa, 1916. Weber, Mjerumani, akieleza urasimu: ofisi si mali ya afisa, kazi iende kwa kanuni na maandishi, cheo kwa sifa. Mwaka 1937 Gulick, Mmarekani, na Urwick, Mwingereza, wakavuna vyote wakatupa neno lile la kukaririsha watoto wa watu, POSDCORB: kupanga, kuunda, kuajiri, kuelekeza, kuratibu, kutoa taarifa, kubajeti. Ukimwamsha mtumishi wa umma saa nane usiku atakutajia.

Watu wakaamini somo limekamilika. Ndipo akaja mtu mmoja akalitia mchanga. Huyu ndiye nimpendaye, nitakaa kwake kidogo. Nakuja, naswali kwanza.

---

Kangomba2007

Tunasubiri. Msimlaumu, adhana imepita.

---

MjombaLindi

Nimerudi.

Herbert Simon, Mmarekani, mwaka 1946 aliandika kwamba hizi mnazoziita kanuni za utawala ni methali tu. Na ubaya wa methali ni kwamba zinakwenda mbili mbili, moja inakwambia hivi, mwenzake inakwambia kinyume, zote zinasikika za hekima.

Sisi Waswahili hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Ukichelewa kwenda shamba unaambiwa chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Ukikimbia unaambiwa haraka haraka haina baraka. Ukisubiri tena unaambiwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Mzee anachagua methali baada ya mambo kutokea, na siku zote anaonekana alijua.

Chukueni mfano wa kwenye kata yangu. Kanuni ya kwanza: mtumishi awe na bosi mmoja. Kanuni ya pili: mtaalamu asimamiwe na mtaalamu mwenzake. Sasa mtazameni afisa ugani. Kiutawala yuko chini yangu mimi mtendaji wa kata. Kitaalamu yuko chini ya mkuu wa idara ya kilimo halmashauri. Ikifika msimu wa kupulizia mikorosho, salfa imeshuka ghalani kwa AMCOS, ushirika wa wakulima, ugonjwa wa ubwiri unga umeshaanza kwenye maua, simu yake inaita mfululizo: mimi namtaka kwenye mkutano wa kijiji kuhusu daftari la wakulima, idara inataka takwimu za mifuko, Bodi ya Korosho inataka orodha, na mkulima amesimama mlangoni na bomba mgongoni anauliza apulize leo au asubiri upepo upungue. Kanuni zote mbili ziko kwenye kitabu kilekile. Nimfuate Gulick ukurasa gani?

Simon alisema acheni kuokota methali, chunguzeni watu wanaamuaje kweli. Na jibu lake ni kwamba binadamu hatafuti lililo bora kuliko yote. Hana muda, hana taarifa, ana kichwa kimoja. Anachukua la kwanza linalotosha. Yule afisa ugani alimwambia mkulima, "Puliza alfajiri," akawasha pikipiki akaenda zake. Lilitosha. Simon alipewa Nobeli ya uchumi mwaka 1978, afisa wangu bado anadai nauli.

---

FundiNgalawa

😂😂 hapo kwa nauli nimelia. Endelea mkuu.

---

MjombaLindi

Mwaka uliofuata, 1947, akaja Mmarekani mwingine, Robert Dahl, na msumari wa pili. Alisema utawala hauwezi kuitwa sayansi kama mnapuuza maadili, mnapuuza tabia za watu, na mnadhani kanuni iliyofanya kazi nchi moja itahama na kuota nchi nyingine bila kutazama udongo wa jamii.

1947! Wana Nachingwea mnajua mwaka huo kulitokea nini. Ndio mwaka Waingereza walipoanza mradi wa karanga Tanganyika. Umepangwa London, namba ziko safi, matrekta yaliyobaki vitani yanaletwa, ekari zinahesabiwa kwa mamilioni. Kongwa udongo ukawa mgumu kama saruji kiangazi, visiki vya mbuyu vikavunja mashine, mvua ikagoma. Nachingwea kidogo palikuwa na nafuu, lakini nako wapi. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, pauni zaidi ya milioni 30 zimekwenda. Sisi tulibakiwa na bandari ya Mtwara, na reli ambayo baadaye iling'olewa.

POSDCORB ilikuwepo yote pale. Walipanga, wakaunda, wakaajiri, wakaelekeza, wakaratibu, wakatoa taarifa, wakabajeti. Wasichofanya ni kumuuliza mkulima wa Nachingwea kwa nini yeye halimi karanga ekari elfu. Sijui kama Dahl aliwahi kusikia jina Nachingwea, lakini ningekuwa mwalimu ningefundisha makala yake nikiwa nimesimama kwenye tuta la ile reli.

---

BintiWaNewala

Niongeze mtu mmoja ambaye wanaume wa vitabu huwa wanamruka. Mary Parker Follett, amefariki 1933. Miaka ya 1920 alikuwa anasema amri isitoke kwa mtu kwenda kwa mtu, itoke kwenye hali yenyewe: tukae wote tutazame jambo linataka nini, wote tulitii hilo. Na hakuanzia ofisini, alianzia kwenye vituo vya jamii Boston. Huku kwetu ambako mashamba na ukoo vinafuata upande wa mama, wanawake wamekuwa wakiamua mambo kwa namna hiyo uani, kisha mjomba anatoka nje kutangaza. Samahani mwanzisha uzi 😄

---

MjombaLindi

Nimechomwa na nimenyamaza. Hata hii ya mpwa wangu, dada alishaamua kabla hajanipigia.

---

Kangomba2007

Na Tanzania? Isije kuwa historia ya Wazungu mwanzo mwisho.

---

MjombaLindi

Haki yako. Chuo cha Mzumbe kilianza 1953 kama shule ya serikali za mitaa ya Mwingereza, wanafundishwa machifu na makarani wa mabaraza. Machifu wakaondolewa kisheria 1963, shule ikabaki. Mwaka 1972 ikaunganishwa na taasisi ya utawala wa umma iliyokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa IDM (Institute of Development Management). Chuo kikuu kimekuja 2001. Angalieni majina tu: kwanza serikali za mitaa, kisha "menejimenti ya maendeleo". Miaka ya 60 na 70 dunia nzima ilikuwa inasema nchi changa zinahitaji utawala wa kuleta maendeleo, si wa kukusanya kodi ya kichwa tu.

Wakati huohuo Fred Riggs, aliyechunguza sana Thailand na Ufilipino, aliandika mwaka 1964 kuhusu nchi zilizo katikati, ofisi ina sura ya kisasa lakini ndani ina undugu na ufahari. Ofisi ya namna hiyo aliiita "sala". Kwake ni neno lenye maana zaidi ya moja, ofisi na pia chumba cha nyumbani. Kwa Kiswahili mjue wenyewe, zipo ofisi ukiingia ni sala tu zitakusaidia.

Sasa kituko. Mwaka huohuo wa 1972 Mwalimu Nyerere alileta Madaraka Mikoani, lengo ni kumpelekea mwananchi madaraka. Serikali za mitaa zikafutwa, maofisa wa wizara wakashushwa mikoani. Na washauri waliochora muundo huo ni McKinsey, kampuni ya Kimarekani. Ujamaa umechorewa ramani na mabepari! Matokeo yake madaraka yalifika mkoani kweli, lakini yamebebwa na afisa wa serikali kuu, diwani kaondoka. Sheria za 1982 ndizo zilizorudisha halmashauri, zikaanza kazi 1984.

---

BiMasijalaMstaafu

Wanangu, shikamooni hamniamkii lakini basi. Mimi nilikuwa karani wa masijala wakati huo. Barua zilizokuwa zinaandikiwa halmashauri zikawa zinarudi, wengine wanaandikia mkoa, wengine wilaya, nami nafungua majalada mapya kila wiki. Ya halmashauri tuliambiwa tuyafunge. Niliyafunga kwa uzi, nikayapanga rafu ya juu. Halmashauri iliporudi, mkuu mmoja akauliza majalada ya zamani yako wapi, wenzangu wakatazamana. Nikapanda stuli nikamshushia, vumbi likamwingia machoni. Kuna mipaka ya viwanja ilipatikana mle ambayo watu walikuwa wameshaanza kushikiana mapanga.

---

MjombaLindi

Shikamoo Bibi. Hiyo ndiyo folio yenyewe niliyokuwa naitafuta tangu jana.

Nimalizie lile wimbi ambalo wengi wetu tumeajiriwa ndani yake. Kuanzia Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza, 1979, upepo ukageuka: serikali iendeshwe kama biashara, mwananchi ni mteja, wakuu wapimwe kwa matokeo. Msomi Christopher Hood akalipa jina mwaka 1991, menejimenti mpya ya umma. Kwetu ikaja na marekebisho ya utumishi miaka ya 90, sheria ya wakala wa serikali ya 1997, sheria ya utumishi wa umma ya 2002, na OPRAS, mfumo wa kupima utendaji wa mtumishi, 2004. Hata Chuo cha Utumishi wa Umma, chenye tawi Mtwara, kilianzishwa 2000 kikiwa wakala.

Niseme ukweli, wimbi hili lina faida. Kupata kazi kwa usaili unaotangazwa ni bora mara kumi kuliko kimemo. Ila "mteja" linanisumbua. Mteja akichukia duka anahama. Bibi wa kijijini akichukia ofisi yangu atahamia kata gani? Na zile fomu za OPRAS sote tunajua zilivyokuwa zinajazwa, Juni, jioni moja, kalamu moja, malengo ya mwaka mzima yakiandikwa baada ya mwaka kuisha. Sasa tumehamia kwenye mfumo wa kompyuta. Tutaona.

Folio ninayoona inanihusu zaidi ni ya msomi Mmarekani Michael Lipsky, 1980. Alisema sera ya serikali haiko kwenye waraka. Mwananchi anakutana nayo kwa polisi, mwalimu, nesi, karani. Yule wa mwisho anayeamua leo au kesho, ndiye serikali. Nilipoanza kazi nilikuwa mtendaji wa kijiji. Meza moja, daftari la wakazi, mhuri na kidau kilichokauka. Anakuja mama anataka barua ya utambulisho. Unaandika, "YAH:", unapiga mstari, unaupulizia mhuri kwa pumzi ya mdomo mara tatu ili wino ushike, unagonga. Ukiwa umechoka unamwambia wino umeisha, njoo Jumatatu. Hakuna waziri atakayejua. Mama ametembea kilomita saba, na kwake yeye serikali ya Tanzania ni hiyo Jumatatu.

Hili jumbe hakulisomea, ndiyo. Lakini jumbe alikuwa anaishi na watu walewale, akizingua anasikia usiku huohuo. Mimi nilihamishwa kutoka mkoa mwingine.

---

NahodhaMikindani

Haya mpwa anakwenda au haendi?

---

MjombaLindi

Anakwenda. Dada kasema ada itatoka mnada wa kwanza wa korosho, mimi nimepewa nauli na godoro. Mzee wa kijiweni nimemsomea uzi wote. Kasikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo Simon alikuwa na watoto wangapi.

---

FundiNgalawa

Mkuu uzi mzuri sana. Sasa kwa kuwa wewe ni mtendaji, mimi nina barua yangu ya utambulisho naifuatilia ofisi moja ya kata tangu mwezi uliopita. Kila nikienda naambiwa mwenye mhuri katoka. Nifanyeje?

---

MjombaLindi

Pole sana. Kata gani? Usitaje hapa, njoo PM.

---

MjombaLindi

Nimeona ujumbe wako. Njoo kesho saa mbili asubuhi. Mhuri uko kwangu.